Siku Bibi Alipong'oa Uzio Tukuyu

Nakuambia mapema kwamba nimekasirika, usije ukadhani nakusimulia safari ya kufurahisha. Jumatatu ya Pasaka mwaka huu niliwachukua wanangu wawili na mama yangu mzazi, tukatoka Ilomba asubuhi, tukapita Uyole na kupanda mlima kuelekea Tukuyu. Nilitaka wanangu waione chemchemi ambako sisi tulikuwa tukipelekwa kila mwaka, wanywe maji yake kwa viganja, wale chakula kwenye jani la mgomba kama tulivyokula sisi. Mama alikuwa amevaa kitenge anachokitunza kwa ajili ya harusi. Njia nzima aliwaonyesha wajukuu milima na kuwatajia majina yake, na wao, nashukuru, walikuwa wameweka simu chini.

Tulipofika juu ya mji, pale njia ya gari inapoishia na ya miguu kuanza, tukakuta geti jeusi la chuma. Ukuta wa matofali umekwenda kushoto na kulia mpaka ukazama migombani. Nyuma ya ukuta tuliyasikia maji. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kwamba sauti yake haikuwa imebadilika hata kidogo.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Mama akamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," naye akaitikia kwa heshima, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa. Kisha akatueleza kwamba eneo ni la mwekezaji, ndani kuna nyumba za wageni, na anayeingia ni mgeni aliyejiandikisha. Nikamwomba atuache tukae kwenye majani kidogo tu, tule, tuondoke. Akasema hana ruhusa. Mama akamuuliza kama na maji nayo hayana ruhusa. Yule baba akatazama chini.

"Mama, mimi nimeajiriwa tu," akasema. "Hata mke wangu siku hizi anachota kule bondeni."

Mara gari la wageni likaja nyuma yetu na kupiga honi. Geti likafunguka. Tukasogea pembeni, mama yangu, mwanamke aliyezaliwa hatua chache kutoka pale, akiwa ameshika pindo la kitenge lisiguse matope, mbele ya wajukuu zake. Gari likapita, geti likafungwa. Mwanangu mdogo akaniuliza maji hayo ni ya nani, nami nikakosa jibu.

Kumbe jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa darasa la nne. Hasira tu ndiyo iliyonifunga mdomo. Acha nikueleze.

Baba alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa viazi pale Iyunga. Tajiri wake alikuwa akimwachia pikapu mara moja tu kwa mwaka, Jumatatu ya Pasaka, na siku hiyo ndiyo tuliyoingoja kuliko Pasaka yenyewe. Mama aliamka kabla ya jogoo kukaanga maandazi, na harufu ya mafuta na hiliki ndiyo iliyotuamsha sisi. Tulikaa nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu yaliyonuka udongo wa viazi, tumefunikwa turubai, meno yakigongana kwa baridi. Pale Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sauti za akina mama wauza karoti zilitufikia kabla hatujawaona wenyewe. Baba alisimama hapo kila mwaka kuongeza maji kwenye rejeta, na kila mwaka alisema gari, kama mke, halipandishwi mlima kwa fimbo. Mama, aliyekaa mbele na mdogo wetu mapajani, kila mwaka alijifanya hajasikia.

Ukishaipita Kiwira hewa inabadilika. Inakuwa nyevu, inanuka ndizi mbivu na moshi wa kuni mbichi. Halafu Tukuyu yenyewe, mji mdogo uliokaa begani mwa mlima, mabati yake mekundu kwa kutu, mashamba ya chai yamekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Na mvua. Mtu wa Mbeya mjini hudhani anaijua mvua mpaka afike Tukuyu mwezi wa nne. Bibi, mama yake mama, alikuwa akisema kwao hakuna haja ya kalenda, kuna mvua na kuna mvua kubwa.

Desturi ilikuwa hivi: tukifika kwa bibi tunakuta chungu kiko motoni, ndizi na maharage yakitokota na maziwa ya ng'ombe wake, tunasalimia kwa kuchuchumaa, kisha chungu kinafunikwa kwa majani na kupandishwa kichwani mpaka chemchemini. Tulikula huko juu, kwenye majani mafupi yaliyoliwa na mbuzi. Maji yalitoka chini ya jiwe jeusi, ya baridi mpaka fizi zinauma. Majirani walipita kuchota, wakasimama, wakapewa ndizi, nao wakatuachia parachichi. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani wala umemwomba nani kukaa hapo. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba maji hayana mwenyewe, yana majirani.

Mwaka ule wa darasa la nne tulifika tukakuta jiko limepoa. Hapakuwa na chungu. Uani palikuwa na wanawake wa kitongoji kizima, vitenge vimekazwa kiunoni, majembe mkononi, na bibi katikati yao amevaa koti kuukuu la babu. Alitusalimia upesi, akamwambia mama kwamba chakula kitachelewa. Mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, mwenye duka kubwa na nyumba ya kulala wageni, alikuwa amezungushia chemchemi nguzo na seng'enge wiki ile, akasema anataka kuvuta maji mpaka kwa wageni wake. Wanawake walikuwa wakichota kule bondeni, kwenye maji ya ng'ombe, na mtoto wa jirani alikuwa ameshaanza kuharisha.

Baba aliingiwa na wasiwasi. Alikuwa mgeni ukweni, tena dereva mwenye gari la watu. Akamshauri bibi taratibu kwamba ingekuwa vema kupita ofisi ya serikali kwanza, mambo ya ardhi yana sheria zake. Bibi alimheshimu sana baba, hakuwahi kumpandishia sauti. Akamjibu kwamba ofisini amekwenda mara mbili, na mara zote mbili ameambiwa mkubwa hayupo.

"Leo nakwenda kwenye maji, mwanangu," akamwambia. "Maji yapo."

Tulipanda nao. Nilitegemea kelele, kwa sababu kwetu Ilomba wanawake wakigombea maji bombani kelele hufika barabarani. Hawa walifanya kazi kama wanaopalilia. Walichimbua udongo kuzunguka kila nguzo, wakaing'oa nzima, hawakuvunja hata moja. Seng'enge waliikunja wakaiviringisha vizuri, wakaifunga kwa kamba ya mgomba. Mashimo wakayafukia na kuyakanyaga. Mama yangu, aliyekuwa amevaa viatu vya kisigino, alivivua akanipa nivishike, akaenda kushika nguzo. Sikuwa nimewahi kumwona mama pekupeku tangu nizaliwe. Baba alisimama pembeni akijikuna shingo, halafu akaenda kubeba ule mzigo wa seng'enge, kwa sababu ulikuwa mzito kuliko vyote.

Ndipo wakateremka mjini. Hebu waone: wanawake wa makamo wamepanga mstari mmoja, kila mmoja na nguzo kichwani, mvua ya rasharasha inawanyeshea, kimya. Watu walitoka madukani na mikahawani kuwatazama. Fundi cherehani aliacha kukanyaga cherehani yake. Walikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa yule mfanyabiashara, wakasimama uani kwake. Akatoka akitafuna, ameshika kitambaa cha kufutia mikono.

"Baba," bibi akamwambia, "tumekuletea mali yako. Imepotea njia, tumeikuta kwenye maji."

Yule bwana aliacha kutafuna. Angeweza kuita askari, kituo hakikuwa mbali, na naamini alilifikiria hilo. Lakini nyuma yake alitokea mama yake mzazi, kikongwe anayetembea kwa fimbo. Akazitazama nguzo, akawatazama wanawake, ambao wengi wao alikuwa amechota nao maji ujana wake wote. Akamuuliza mwanawe kwa Kinyakyusa kama ni kweli ameyazungushia yale maji. Mwanawe akajifuta mikono kwa kile kitambaa. Basi yule kikongwe akaenda mpaka alipokuwa bibi, akaiweka fimbo yake chini, akanyoosha mikono miwili kumsaidia kutua mzigo.

Uzio haukurudi. Siku ile tulikula alasiri, ndizi zimeshikana na kupoa, mikono yetu inanuka utomvu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Baba aliogopa kwa wiki nzima kwamba tajiri wake atasikia. Hata kama alisikia, hakusema.

Sasa unanielewa kwa nini nimekasirika. Wiki iliyofuata baada ya Pasaka hii nilirudi Tukuyu peke yangu, nikaenda ofisini. Tofauti na zamani, mkubwa alikuwepo. Alinikaribisha kiti, akaniita dada, akanieleza kwa upole mkubwa kwamba taratibu zote zilifuatwa, mkutano wa wananchi uliitishwa, mwekezaji akajieleza, na hakuna aliyepinga. Akaongeza kwamba kuna ahadi ya bomba moja nje ya ukuta, litakalofunguliwa asubuhi. Nikamuuliza litafunguliwa na nani. Akasema na mwekezaji. Alilisema hilo bila aibu, kama jambo jema, kwamba mtu wa kitongoji kile atasubiri mgeni amfungulie maji ya mlima wake mwenyewe. Na mimi, niliyesoma kuliko bibi, mwenye kitambulisho na kazi mjini, nilimshukuru na kutoka.

Nyumbani nilimweleza mama yote, nikiishia na lile neno kwamba hakuna aliyepinga. Alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Wangepinga akina nani?" akasema. "Waliojua kupinga tumewazika wote."

Tangu siku hiyo nayageuza maneno hayo kichwani. Nilikuwa nimedhani kilichopotea ni chemchemi, majani mafupi, ladha ya ndizi zilizopikwa na maziwa. Lakini maji yapo, niliyasikia kwa masikio yangu. Migomba ipo, mvua ipo. Waliotoweka ni wale wanawake wasiosubiri mkutano, waliojua kukunja seng'enge ya mtu bila kuikata na kumrudishia mbele ya mama yake. Na akina mama wa kuwatia aibu wana wao matajiri, kama yule kikongwe, nao wametoweka, maana mwekezaji wa leo hatumjui sura, mama yake hatumjui, na hata mzigo ukimpelekea hujui uani kwake ni wapi.

Jana mama ameniambia anataka turudi Tukuyu mvua zikipungua. Nikamuuliza tunakwenda kufanya nini, geti si lipo. Akasema anajua lipo. Anataka kupika ndizi, kubeba mkeka, na kukaa pale nje mpaka jioni, kila anayepita kwenda bondeni na ndoo amkaribishe.

Nimemwambia mvua zikipungua tutakwenda. Baada ya hapo nikaingia chumbani kutafuta viatu visivyo na kisigino.