Kuutazama Mwanga Ukija

Hapa Kasulu ninafundisha fizikia, na tasnifu yangu inahusu mwanga unaojizungusha huku ukisafiri: mwingine kwenda kulia, mwingine kushoto. Chumbani kwangu nilikopanga hakuna mtu wa kumwambia hayo. Walimu wenzangu wakiniona na makaratasi yangu huniuliza, "Mwanga umekukosea nini?" Nacheka nao, kisha naenda kula peke yangu.

Mwezi uliopita profesa anayenisimamia alinirudishia sura nzima. Kila palipotakiwa kuwa kulia nilikuwa nimeandika kushoto. "Wewe unautazama mwanga ukikujia usoni," aliniambia kwenye simu. "Sisi tunasimama nyuma yake, tunautazama ukienda. Badilisha michoro yote, au useme wazi umesimama wapi. La sivyo sura hii haipiti." Nilikata simu kwa hasira. Miaka miwili ya kazi, halafu kosa la mtoto wa chekechea!

Jumapili nilikwenda Kitanga kwa mama. Nilimkuta anasokota pajani kamba ya katani ya kufungia mbuzi, nikachukua nyuzi nimsaidie. Mimi nasokota kwa mkono wa kushoto, ingawa kalamu naishika kwa wa kulia. Dada zangu walifundishwa wakiwa wameketi ubavuni mwa mama, wakamfuata mkono kwa mkono. Mimi aliniketisha mbele yake. Mkono wake wa kulia ukawa upande wangu wa kushoto, nami nikaiga nilichokiona. Kamba zao ziliungwa zikawa moja ndefu. Yangu, iliyosokotwa kinyume, ikiungwa na zao ilifumuka, kwa hiyo ilibaki ya kufungia kuni, nami nikakua nikiamini nimetengwa.

Safari hii nilimuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia: "Mama, kwa nini mimi tu hukuniketisha ubavuni?"

Hakuacha kusokota. "Wenzako nilikuwa nao kila siku, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Wewe ulikuwa wa bweni, unakuja likizo, unaondoka. Ningekuketisha ubavuni, uso wako ningeuona saa ngapi?"

Nililia, na mama akajifanya anatafuta nyuzi.

Michoro sikuigusa. Mwanzoni mwa sura ile niliongeza sentensi moja: katika kazi hii, mwanga unatazamwa na mtu aliyeketi mbele yake, ukimjia.