Mwalimu Nicanor wa Kubuni

Kila Jumanne Mutunga aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maisha ya chuo kikuu: kuandika insha bila kunakili, kumwendea mhadhiri kwa adabu, kupeleka malalamiko panapostahili. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, mwalimu mwenzake Janet alifundisha somo hilohilo kwa kuwasomea hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya msichana aliyeiba insha ya mwenzake. Huko walicheka na kubishana. Kwa Mutunga walipiga miayo, na karatasi zake za maelekezo wakajipepea nazo kwa joto la pwani pale Mbaraki.

Muhula ujao madarasa hayo yangeunganishwa, mwalimu awe mmoja. Mutunga alilitaka darasa hilo hadi usingizi ukampaa.

"Hadithi hata mimi naweza," alijiambia, akaandika. Shujaa wake alikuwa Mwalimu Nicanor, mtu wa haki, asiyecheka ovyo. Adui alikuwa mwalimu wa kike aliyewavuta wanafunzi kwa visa na kashata.

Alipomaliza kuwasomea wanafunzi wake, Chirau wa safu ya nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu bibi wa kashata, wanafunzi wake walifaulu?"

"Walifaulu."

"Basi kosa lake?"

Mutunga akakohoa. Purity akadakia, "Hana kosa! Nicanor ndiye ana kijicho."

"Wallahi! Kila ukurasa yeye na sikio ukutani, kumsikiliza yule bibi," alisema Chirau. "Apelekwe kwa mkuu wa idara!"

"Kwa ushahidi gani? Kumwonea mtu wivu si kosa la chuo," alipinga Purity.

"Na akimpunja mwanafunzi alama?"

Wakabishana saa nzima: nani hupokea malalamiko, ushahidi ni upi, mwanafunzi ajitetee vipi. Yote hayo yalikuwamo katika zile karatasi za kujipepea. Mutunga alisimama na chaki mkononi, uso umemwiva.

Mlangoni akamkuta Janet.

"Ndugu yangu, leo kwako kumechangamka! Mkuu amenipa mimi darasa la muhula ujao, lakini niazime hadithi yako. Huyo Nicanor yu hai kabisa. Umemtoa wapi?"

"Nimembuni tu," alisema Mutunga, akampa, kwa kuwa hakupata sababu ya kumnyima.

Jumanne iliyofuata alikuwa akieleza habari za mitihani aliposikia vicheko ng'ambo ya ukuta, kwa Janet, vikubwa kuliko vya darasa lake. Akakatiza maneno. Alipozinduka, wanafunzi wote walikuwa wakimtazama, naye ameshalaza sikio ukutani.