Chumvi Kwenye Maji ya Mvua

Juzi niliingia mapokezi ya hoteli moja, harufu ya chumvi kutoka kwenye tangi la samaki ikanijia puani. Nilitoka nje, hasira zimenipanda.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mzaliwa wa pwani, aliyehamishiwa Bariadi, bara, mbali na bahari. Kiangazi kimoja alileta nyumbani tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, mifuko ya chumvi, na matumbawe yaliyofungwa kwenye magazeti mabichi. Mama akiwa sokoni, baba alilijaza kwa mpira kutoka kwenye simtanki letu, akakoroga chumvi. Yalikuwa maji ya mvua, ambayo mama alitupimia kwa kikombe tangu mabomba yakauke.

Mama aliporudi aligonga simtanki, likalia tupu. Aliingia sebuleni, akachovya kidole kwenye tangi, akalamba, akatema.

"Baba watoto, watoto watakunywa nini?"

"Bomba litatoka tu. Nimekumbuka kwetu, mke wangu. Hata hilo ni kosa?"

"Kwenu umekuleta mpaka sebuleni. Sisi tuliomo humu umetuacha na kiu."

Baba alikuwa ameinama kwenye kioo.

"Mwanangu, njoo uone! Kuna kaa mdogo ametoka kwenye jiwe, amesafiri humu mzima!"

Nilitamani mno kumwona yule kaa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mama alikuwa ameshachukua jembe la kufukulia maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Nilibeba ndoo, nikaubamiza mlango kwa nguvu zangu zote, nikamfuata.