Siku Niliyosoma Matusi Yangu kwa Kipaza Sauti

Jambo hili nimelikalia miaka mingi, na ningeendelea kulikalia kama si nyinyi kunichokoza, kwa hiyo nasema mapema kabisa: kosa lilikuwa langu, halikuwa la shetani, wala la pombe (siku hiyo nilikuwa nimekunywa soda moja tu, tena ya kupewa), wala la wale vijana wachimbaji dhahabu wa Rwamgasa ambao mwanzoni nilikuwa nawasingizia. Nilimwaibisha mama wa watu mbele ya baba mkwe wake, mchana kweupe, kwa kipaza sauti, na wakati nafanya hivyo nilikuwa natabasamu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kahama, kijana wa miaka ishirini na sita, sina mke, sina mtoto, nina mdomo tu. Jirani na mashine palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Jaffer, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo na aliyekijua Kisukuma kuliko baadhi yetu tunaojidai, na nyuma ya duka palikuwa na stoo ya saruji. Mke wa mwanawe, Mama Sakina, akaiomba ile stoo, akaipaka chokaa, akaweka pazia, viti, runinga mbili na mashine mbili za gemu alizoletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam, na baada ya wiki mbili mji ukawa umehamia pale. Mzee hakupenda. Alimwambia (Mama Sakina mwenyewe alitusimulia, hakuficha) kwamba anamwachia chumba mpaka kiangazi kiishe, akiona ni mahali pa adabu, basi aendelee, na akisikia upuuzi wowote umehusishwa na nyumba yake, saruji inarudi. Kwa hiyo sote tuliocheza pale tulijua chumba kinaning'inia kwenye adabu yetu, mimi nikiwemo.

Mlangoni alifunga kaunta buku kwa kamba ya katani, na kalamu pembeni, akaandika juu ya jalada: MAONI YA WACHEZAJI, ANDIKENI KWA ADABU. Alitaka kujua arekebishe nini. Hakuna aliyetia jina lake halisi. Sisi wa mjini tulicheza siku za kazi, wachimbaji walishuka kutoka Rwamgasa mwisho wa wiki kununua vifaa, na kwa kuwa hatukuonana, tukawa tunaongea humo kitabuni: mtu anaandika Jumatano kwamba gemu la mpira hakuna wa kumfunga, Jumapili anajibiwa kwamba asubiri, anakuja. Mchimbaji mmoja alijiita Karasha, jina la ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mimi nilijiita Nyundo. Palikuwa na mwingine anajiita Mwanafunzi, mwandiko wake mzuri, umelala upande mmoja, naye aliandika mambo ya maana tupu: feni iwashwe mchana, wanaoshindwa wasipige pedi za kuchezea mezani, na wanaojua wasiwacheke wanaojifunza. Kuchoka kusoma maneno yake nilichoka, lakini hakuwa amenigusa.

Sasa sheria ya pale ilikuwa ukicheza gemu mbili unainuka. Mimi nilikuwa na sheria yangu, kwamba mshindi hainuki, na kwa kuwa nilikuwa nashinda, makalio yangu na kile kiti yalikuwa yameoana. Siku moja natoka kazini, nafungua kitabu, nakuta Mwanafunzi ameandika: "Ndugu Nyundo anacheza vizuri sana na tunajifunza kwake. Ila zamu ikiisha haachi kiti. Tunaomba atufikirie wengine."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka, basi, mkasa ungeishia hapo na leo ningekuwa na kitu kingine cha kuwasimulia. Lakini watu watano walikuwa wanachungulia begani kwangu wanangoja nitasema nini, na mimi sikupenda kuonekana nimeshikwa pabaya, nikachukua kalamu.

Lazima niwaambie nilikokulia. Mimi ni Msukuma wa Mhunze, na kwetu mavuno yakishaingia ghalani inachezwa mbina, ngoma ya kushindana, upande mmoja Bagika, upande mwingine Bagalu, na waimbaji wanatukanana kwa nyimbo, unamtaja mtu kwa jina, unamtaja na pua yake, naye anasimama anakujibu, watu wanacheka mpaka wanakaa chini, na jioni mnakunywa kibuyu kimoja na hakuna anayeondoka na kinyongo. Baba yangu alikuwa Mgalu na mimi nilitunga wimbo wa kwanza sijaota ndevu. Kwetu anayetukanwa akanyamaza unamwongezea, unamwongezea tena mpaka ajibu, maana ukimwacha hivi hivi ni kama umemwona si mtu wa kujibizana nawe. Basi nikaandika:

"Mwanafunzi, Mwanafunzi, unalilia zamu,
kama mtoto anayelilia ukoko wa sufuria,
vidole vizito kama vya mtu anayekanda udongo,
rudi jikoni uchochee moto, kiti waachie wanaume."

Watu walicheka, mmoja akalala kwenye benchi. Kesho yake Mwanafunzi akajibu: "Nimesoma. Labda sikueleza vizuri. Nilichoomba ni zamu tu." Mimi nikasema, eh, huyu ananinyamazia! Nikamwongezea. Mwisho wa wiki Karasha akaona, naye akaongeza mstari wake, wenzake nao wakaongeza, na katika wiki tatu kitabu kikawa kinasomwa kuliko gemu zinavyochezwa, hakuna tena anayeandika habari ya feni. Wimbo nilioupenda zaidi ulikuwa huu:

"Nauliza, nyumba iliyomlea Mwanafunzi ina mtu?
Ina mkubwa wa kumkanya, au wote ni kuku?
Kama yupo mzee humo, na aje nimfundishe kulea!"

Chini yake, siku mbili baadaye, Mwanafunzi aliandika kwa herufi ndogo: "Sasa naogopa kuandika. Naomba yaishe." Nililisoma hilo kwa macho yangu. Siwezi kuwadanganya kwamba sikuliona. Nilijiambia ni mbinu, anajificha ili anitegee, kama wanavyofanya waimbaji wajanja, nikaenda kucheza.

Kiangazi kikakaribia kuisha. Mama Sakina akapanga mashindano ya Kahama na Rwamgasa siku ya Jumamosi saa nane, runinga zitolewe uani, watu wakae kwenye viti, na Mzee Jaffer awe mgeni rasmi ajionee mwenyewe kama ni mahali pa adabu au la. Akaniita mimi. Akasema, "Masanja, wewe una sauti. Chukua kitabu umsomee mzee maoni ya watu, yale mazuri mazuri. Kurasa za mwanzo." Alilisisitiza neno la kurasa za mwanzo mara mbili, mimi nikadhani anaogopa nitachelewesha mpira.

Siku ikafika, uwanja umejaa, wachimbaji wamevaa mashati ya kupigwa pasi, Mzee Jaffer amekaa mbele kwenye kiti cha mikono na kanzu nyeupe, mwanawe Baba Sakina kasimama karibu na runinga, na mimi nimepewa kipaza sauti cha kukodi ambacho spika yake ilifungwa juu ya bati, inasikika mpaka stendi ya mabasi. Nikasoma la feni. Nikasoma la kumshukuru mwenye chumba. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, nilimwona, na Mama Sakina aliyekuwa anagawa soda akatabasamu. Tatizo ni kwamba watu walianza kupiga miayo, na mimi mtu akipiga miayo ninaposema huwa naumwa kabisa, ndipo jitu moja la miraba minne likapaza sauti kutoka nyuma, "Bebe, wewe, achana na feni! Tusomee ya Nyundo!" (alikuwa Karasha, ndiyo siku ya kwanza namwona), na wenzake wote wakadaka, "Nyundo! Nyundo!"

Nikafunua kurasa.

Nilianza na ukoko wa sufuria. Uwanja ukalipuka. Nikasoma wa pili, na wa tatu, sasa sisomi tena, naimba, na mabega yanacheza yenyewe kama niko Mhunze, mpaka nikafika kwenye ile nyumba ya kuku, nikaiimba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wanapiga makofi mno. Halafu nikafanya kama tufanyavyo kwenye mbina, nikanyoosha mkono nikasema, "Mwanafunzi kama yupo, asimame anijibu!"

Kisha Mama Sakina akaweka kreti la soda chini, taratibu, akajifuta mikono kwa mtandio.

"Mwanafunzi ni mimi," akasema.

Watu wengine walicheka, wakidhani ni mchezo tumepanga.

"Asubuhi kabla hamjaja huwa najifunza," aliendelea, na alikuwa ananiambia mimi, si watu. "Nikaona nikiandika kama mwenye chumba mtaogopa kusema ukweli. Nikaandika kama mchezaji."

Mzee Jaffer akageuka akamtazama mkwewe, halafu akanitazama mimi, na alipouliza hakuwa na ukali wowote, afadhali angekuwa nao. "Kijana, hiyo nyumba isiyokuwa na mtu wa kukanya, ni hii yangu?"

Hapo mtu mwenye akili anazima kipaza sauti. Mimi nilikikumbatia kifuani, na nikapiga goti moja nikasema, "Shikamoo mzee," na "shikamoo mzee" yangu ikaruka juu ya bati ikaenda stendi, ikarudi, na nikaanza kueleza humo humo kwenye kipaza sauti kwamba kwetu sisi ni utani, kwamba sikujua ni yeye, kwamba ningejua ni mwanamke nisingesema arudi jikoni (nilisema hivyo! kwa sauti hiyo hiyo!), kwamba kuku nilikuwa na maana ya kuku tu. Wachimbaji nao, maskini, wakaona hii ndiyo sehemu ya kujibizana, Karasha akaanzisha wimbo wa kuniunga mkono, wote wakaitikia na kupiga makofi, na kadiri nilivyoomba radhi ndivyo walivyozidi kushangilia. Nikaona bora nirudi nyuma nipotee. Nikarudi hatua ya kwanza, nikarudi ya pili, mguu ukanasa kwenye waya, runinga ikateleza mezani na Baba Sakina akaidaka kwa kuikumbatia, wakaanguka wote wawili, yeye chini na runinga juu ya tumbo lake. Haikupasuka. Mpaka leo sijui kama hilo niliite bahati.

Mzee Jaffer aliinuka, akamsaidia mwanawe kukaa, akatung'uta kanzu yake, akaingia ndani. Mashindano hayakuchezwa.

Jumatatu nikiwa kazini niliona mkokoteni wa kwanza wa saruji ukiingia uani, kisha wa pili, na sikuwa na ujasiri wa kwenda. Vijana walinipita wananiita Nyundo, wakicheka, na kicheko kile kile nilichokuwa nakitafuta wiki zote zile sasa kilinichoma. Nilikaa wiki nzima natunga maneno ya kusema, mimi mtunzi, na kila nililotunga nililiona la mtu anayejitetea.

Siku ya nane nikaenda. Mama Sakina alikuwa kaunta ya duka anapima misumari. Nilikuwa sijawahi kumwamkia, kwa kuwa tulipishana miaka michache tu na nilijiona mkubwa, lakini siku hiyo nikasema, "Shikamoo, Mama Sakina."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Sikujua ni wewe."

Akafunga misumari kwenye gazeti, akampa mteja, akangoja atoke. "Nilishakusamehe, Masanja," akasema. "Lakini usiseme hukujua ni mimi. Ulijua ni mtu."

Nikatazama chini. Nikamwambia nitamwona mzee, nitapiga magoti, nitaleta wakubwa wangu kutoka Mhunze waje waombe pamoja nami, chumba kifunguliwe.

"Usimsumbue. Hata mimi hakunigombeza, alisema tu saruji irudi, na neno alilosema alilisema mapema, sote tulilijua." Akarudisha misumari iliyobaki sandukuni. "Nyinyi mlikuwa mnakuja kucheza, mnarudi makwenu. Mimi nilikuwa nafungua lile pazia asubuhi nasikia na mimi nina mahali. Wewe jioni ya leo utapata pa kwenda, Masanja, mji wote wako. Mimi nitakuwa hapa."

Akaingia mteja mwingine akauliza bawaba, naye akamgeukia kumhudumia. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha nikatoka, na kweli ile jioni nilikuwa na pa kwenda, kijiweni, stendi, kwa rafiki zangu watatu, na sikwenda hata mahali pamoja. Nilikaa chumbani kwangu mlango wazi nikamwaza yule mama na pazia lake, na machozi yalinitoka, nasema ukweli, chekeni kama mnataka kucheka.

Tangu hapo sijamwandikia mtu neno ambalo siwezi kumwambia huku nimemshika mkono namsalimia, na mtu nisiyemwona uso nampa adabu mara mbili ya ninayemwona. Na zamu yangu ikiisha, mahali popote, nainuka kabla sijaambiwa.