Apolina wa Mtungi Mmoja

Alizaliwa majira ya mavuno, mwaka 1921, katika kijiji cha Gonkiri, nchi ya Wasamo, mtoto wa tano wa mkulima Zerbo na mkewe Yele. Kama ulitarajia nyota juu ya paa au nyuki waliotua mdomoni mwake, pole, havikuwapo. Alizaliwa, akalia, akanyonya. Mashangazi zake walikumbuka jambo moja tu, kwamba alikuwa na mdomo usiojua kupumzika na aliweza kumchekesha hata aliyetoka kuchapwa. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka mwaka 1935, akajichagulia mwenyewe jina la Apolina kwa sababu lilimfurahisha kulitamka. Sisi tunaoandika habari zake tunaona kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa ameshaanza kazi, maana ucheshi ule ule ndio alioutumia baadaye kumwokoa binadamu.

Mwaka 1939 aliolewa na Yamba, mfumaji wa Kimosi kutoka Tansega, upande wa Yatenga. Wasamo na Wamosi ni watani, na utani wao hauna adabu hata kidogo: Mmosi humwita Msamo mla vichwa vya mbwa, Msamo humwita Mmosi mtumwa wake, na hakuna ruhusa ya kukasirika, kwani anayemkasirikia mtani huiletea nyumba yake balaa. Siku Apolina alipoingia kwa wakwe zake, jirani yao Pogbi, mjane asiye na mtoto, alimlaki akiwa amempakata mbwa wake kifuani.

"Karibu, mwali," alisema Pogbi. "Ila huyu ana jina, hatumpiki."

Bibi harusi alitakiwa ainamishe uso asiseme neno. Akainamisha uso, lakini neno likatoka: "Mfunge vizuri, mtumwa wangu. Na wewe jifunge kando yake, nisije nikawachanganya." Watu waliangua kicheko, na tangu hapo wanawake wale wawili wakawa hawapitani bila kutukanana.

Wito wake ulimfikia katika msiba. Mwaka 1944 surua ilimchukua mtoto wake wa kwanza, naye akakataa chakula siku tatu. Waliokuja kumfariji walimwambia ni mapenzi ya Mungu, akageukia ukutani. Siku ya nne akaja Pogbi na bakuli la uji wa uwele. Hakumpa pole. Alikaa chini akasema, "Msamo, uji umeniungulia, na mbwa wangu ameukataa. Nimekumbuka wewe." Apolina alicheka huku machozi yakimtoka, akanywa uji wote. Furahini, waamini, maana wito ulikuwa huo! Hakutokewa na malaika. Alinywa uji ulioungua, akaelewa jinsi Kristo anavyopenda kuingia katika nyumba ya mtu.

Basi akaanza. Kwa miaka arobaini na zaidi alitenda mema kwa namna ambayo hakuna aliyejiona amesaidiwa. Alifagia ua wa kipofu mmoja akidai anatafuta kitu cha kuiba. Alimpelekea mke mgonjwa wa shemeji yake mchuzi wa majani ya kunde, akamwambia amekosea chumvi na anahitaji mtu wa kumlaumu. Ukimshukuru, alikutukana. Mafrateri waliopita Tansega walimwona mama mpiga soga anayeuza sumbala sokoni, yale madonge meusi ya kuungia mchuzi, na hawakuandika lolote juu yake.

Jaribu kubwa lilikuja Machi 1958, kisima kimekaribia kukauka na joto linachoma nyayo. Noaga, mwana pekee wa mama aitwaye Tipoko, kijana mwenye nguvu zake, aliamka na kichwa kinachouma, na kesho yake akafariki. Wazee waliamuru maiti ibebwe kama ilivyo desturi, ili iwavute wabebaji mpaka kwa aliyekula roho yake, yaani mchawi aliyemuua. Wabebaji walizunguka kijiji, wakayumba huku na huko, kisha wakagonga mlango wa Pogbi. Nani angemtetea? Alikuwa mzee, mjane, hana mtoto. Alifukuzwa siku ile ile, akajibanza katika kibanda cha walinzi wa shamba nje ya kijiji. Ilitangazwa kwamba yeyote atakayeshiriki naye chombo cha kunywea amejitoa mwenyewe aliwe.

Apolina alikuwa na mtungi mmoja na kata moja ya kibuyu. Kila asubuhi alichota, akaingia kwanza kwa Tipoko, ambaye tangu mazishi hakuwa ametoka nje. Akamnywesha, akafagia, akaondoka. Kisha, na mtungi ule ule kichwani, alikwenda shambani kumnywesha Pogbi. Mzee wa mtaa alimzuia njiani.

"Mama Apolina, hujui anayempa maji mla roho ni mwenzake?"

"Mzee, mmemtupa mtumwa wangu bila kuniuliza," alijibu. "Nimtume nani sasa? Wewe?"

Mzee akauma midomo, akampisha. Utani ulimkinga dhidi ya fimbo, lakini haukumkinga dhidi ya upweke. Kanisani benchi lake lilibaki tupu huku na huku. Sumbala yake ilirudi nyumbani bila kuguswa. Yamba, mume mwema, alimwambia kwa sauti ya chini, "Tuna watoto, Apolina. Watu wakiigeukia nyumba hii nitafanya nini?" Aliogopa, na mmoja wa watoto wake ametuhakikishia kwamba alisaga uwele akilia, unga ukaloa, akauanika upya. Asubuhi alichota tena.

Siku ya arobaini, jua la adhuhuri, vijana walitoka na mienge kwenda kukichoma kibanda, na Tipoko akiwa mbele yao pamoja na wanawake jirani zake. Walimkuta Apolina ameketi mlangoni, mtungi kando yake, Pogbi amejikunyata ndani.

"Toka hapo, shangazi," alisema Raogo, binamu wa marehemu. "Tusikuunguze na wewe."

"Tangu lini watumwa wanachoma nyumba ya mwenzao bila kumwuliza bwana wao?"

Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake utani wa Apolina ulianguka chini ukabaki hapo.

"Leo hakuna utani," Raogo alisema, akasogeza mwenge kwenye nyasi za paa.

Ndipo Tipoko alipouona mtungi. Ulikuwa umemeguka mdomo, umefungwa kamba ya gome shingoni, na aliujua.

"Apolina, huo ndio mtungi unaoniletea?"

Hapa, ndugu, uongo mdogo ungemwokoa. Angesema ana mitungi miwili, nani angekwenda kuhesabu?

"Ndio huo, dada. Sina mwingine."

"Na kata?"

"Kata ni hiyo hiyo. Asubuhi unakunywa wewe, kisha anakunywa yeye."

Wanawake waliokuwa nyuma ya Tipoko walirudi hatua tatu. Vijana nao wakarudi. Walimkwepa mama mfiwa kama walivyomkwepa Pogbi, na Tipoko akageuka akaziona nyuso zao: majirani zake, dada wa mumewe, watu waliokula kwenye msiba wake. Alisimama peke yake juani. Apolina aliomba kimoyomoyo bila kupata maneno.

"Siku arobaini," Tipoko alisema hatimaye. "Siku arobaini nimeshiriki naye kata. Niko hapa, nasimama, nawaona. Kama anakula roho, yangu ameiacha kwa nini?" Akamgeukia Apolina. "Nina kiu. Niteke wapi?"

Apolina alimpa kata. Tipoko alikunywa nusu, akainama akaingia kibandani, akampa Pogbi nusu iliyobaki. Waliokuwa nje walimsikia Pogbi akisema, "Nilimbeba mgongoni, Tipoko. Noaga wako nilimbeba mimi," kisha wakawasikia wote wawili wakilia. Raogo aliuzima mwenge mchangani. Jioni ile Pogbi alirudi kijijini akiwa ameshikwa mkono na mama wa marehemu, na aleluya, hakuna aliyethubutu kuuzuia mkono ule. Walioendelea kunung'unika walikuwapo, miaka mingi. Lakini Pogbi aliishi miaka tisa zaidi uani kwa Apolina, akimsimanga kuhusu mbwa mpaka siku yake ya mwisho, na aliyeiosha maiti yake alikuwa Tipoko.

Apolina alifariki tarehe 2 Aprili 1986, katika zahanati ya misheni, kwa ugonjwa wa mapafu. Tipoko, ajuza sasa, alikuwa akimuuguza. Alipomwekea maji midomoni, Apolina aliyasukuma kwa mkono, akamwangalia mwanamke wa kitanda cha pili, mgeni ambaye hakuna aliyekuja kumwona.

"Mwenzangu ameshakunywa?" aliuliza.

Tipoko alikwenda kumnywesha yule mgeni. Aliporudi, Apolina alikuwa amekata roho, na maneno yale ndiyo yaliyokuwa ya mwisho.

Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatulitangulii. Wapo wanaosema walimwomba wakapona, na majina yao yameandikwa parokiani. Lakini ajabu tunayoweza kuishuhudia wote ni hii: tangu mwaka aliofariki, maiti imegonga mlango wa mwanamke mzee mara nne katika Tansega, na mara zote nne wanawake wa Tansega wamewahi kufika, wakaketi mlangoni wakichambua majani ya kunde na kuwatania vijana, mpaka watu wakatawanyika. Hakuna aliyefukuzwa tena. Tumwige basi, na tusingoje kuwa wakubwa katika imani ndipo tuanze. Karibu nawe yupo mtu ambaye watu wamekubaliana wasimpitie. Kesho asubuhi, mpitie.