Kamba Haikumfikia Namba Kumi

Nilishuka kwenye treni nikaingia ndani ya ukungu. Kituo cha Fossanera nilikijua kwa kukikanyaga tu, maana jina lake halikusomeka ukutani. Kiwanda cha vigae kilikuwa kimeniita nitafsiri vitabu vya maelekezo ya tanuri zake kwa wateja wa nchi za nje, nikaambiwa nifuate barabara iliyonyooka. Barabara sikuiona. Nikafuata sauti za watu.

Sauti zilinifikisha kwenye waya wa uwanja wa mpira. Ndani, wanaume walikuwa wanakimbia wamefungwa kamba kiunoni, wanne mbele na wanne nyuma. Mmoja akivutika kulia, wote kulia. Kocha akipaza sauti "Panda!", mistari yote miwili inapanda kwa pamoja kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Niliutafuta mpira kwa macho. Nikadhani umemezwa na ukungu.

"Usijisumbue," alisema mtu aliyesimama upande wa pili wa waya, viganja kavificha ndani ya mikono ya jezi. "Mpira haupo."

"Wanacheza bila mpira?"

"Tangu Agosti."

"Na wewe je?"

"Mimi kamba haikunifikia, bwana."

Ndivyo nilivyomjua Oriano Ghidoni, fundi wa kufunga tanuri katika kiwanda kilekile nilichokuwa nakitafuta. Alinielekeza njia, kisha akarudi kusimama.

Siku za wiki Oriano alikuwa fundi kama mafundi wengine. Jumapili alikuwa namba kumi wa Fossanera, na alikuwa namba kumi tangu hajaanza kunyoa ndevu. Waitaliano wana jina la kazi hiyo, maana yake mtu wa robo tatu: anayekaa pale robo tatu ya uwanja inapoishia, nyuma ya washambuliaji wawili, mbele ya viungo watatu. Kati ya wale watatu, mmoja anakaba, mmoja anapiga pasi ndefu, mmoja anakimbia kwa niaba ya wenzake. Namba kumi hadaiwi kukaba. Anadaiwa kwamba mpira ukimfikia pale katikati, baina ya viungo na mabeki wa adui, awe ameshaona jambo ambalo wengine wataliona baadaye.

Mzee Learco, aliyestaafu kiwandani, ndiye aliyenifundisha haya katika baa ya mama Afra, huku akisahau karata zake mkononi.

"Mimi nilikuwa mkabaji," alisema. "Nilikimbia mpaka nikatapika, ili namba kumi abaki na pumzi ya kufikiri. Sikulalamika hata siku moja! Sasa huyu mwalimu Tonelli anataka wote wakimbie. Nani atafikiri?"

"Wewe hukufikiri hata ulipopumzika," alisema Afra akifuta meza. "Cheza karata yako, mzee, wenzako wanazeeka."

Kocha Tonelli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo shuleni, mpole, mwenye kikohozi. Miaka ile Italia nzima ilikuwa inaiga timu moja kubwa ya Milano: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili, mistari imekaribiana, kila mtu anabana. Mistari ikikaribiana hivyo, lile shimo la katikati linazibika. Na Oriano aliishi ndani ya shimo hilo. Jezi ya kumi sasa aliivaa Morselli, fundi bomba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakimbiza mabeki mpaka wakosee.

Kibaya zaidi, walikuwa wanashinda. Fossanera, waliozoea kuponea chupuchupu kushuka daraja kila mwaka, walikuwa karibu na kilele. Utagombana vipi na kocha anayeshinda?

Na kwa Oriano benchi halikuwa benchi tu. Kwa miaka mingi kiwanda kilitaka kumpeleka Brazili akafunge tanuri na kuzisimamia, kazi ndefu isiyo na tarehe ya kurudi. Kila mara alijibu, "Na Jumapili nani atacheza?" Wakubwa wa kiwanda walikuwa watu wa hapahapa, udhuru huo waliupokea kama ambavyo wangepokea habari ya mama mgonjwa. Wakampeleka mwingine, tena wakimwomba radhi. Nyumba ya Oriano, jirani zake, kiti chake kwa Afra, vyote alivilinda kwa jezi ile.

Vuli hiyo mkubwa wa kazi alimkuta kwenye mlango wa karakana, nami nikiwa pale na vitabu vyangu. Hakumwuliza kwa ubaya.

"Oriano, kaka, siku hizi Jumapili unafanya nini?"

Oriano aliendelea kukaza skurubu ambayo ilikuwa imekazwa.

Jioni hiyo alikwenda kwa Tonelli kumwomba nafasi. Nafasi yoyote. Kocha alikohoa, akafikiri, akamwambia iko moja: kiungo wa kushoto, kule pembeni, mechi ya majirani wa ng'ambo ya mto. Lakini abaki kwenye mstari. Mpira ukiwa katikati, yeye asiufuate.

"Nitabaki, mwalimu."

Basi wakamfunga kamba. Nilikwenda kutazama mazoezi yale. Kila baada ya muda mfupi miguu yake ilimpeleka katikati bila kumwomba ruhusa, kamba ikawavuta wenzake watatu wakapepesuka.

"Wee Oriano, unatupeleka sokoni?" alifoka beki mmoja, wote wakacheka. Naye alicheka. Lakini mwisho wa mazoezi kamba ilikuwa imelegea, haivutiki tena.

Jumapili ukungu uliinuka kidogo, tukaona magoli yote mawili. Oriano alicheza kama alivyoagizwa. Alipanda mstari ulipopanda, alishuka uliposhuka. Alimkaba winga wao mpaka yule bwana mdogo akaanza kumlalamikia mwamuzi. Kisha, kipindi cha pili, viungo wa majirani walichoka, wakaachana na mabeki wao. Nafasi ikafunguka palepale, robo tatu ya uwanja, pana kama ua wa shamba, na mpira ukadondoka ndani yake ukadunda peke yake.

Learco alisimama juu ya benchi. "Ingia, Oriano! Ingia, mwanangu, pako hapo!"

"Mstari!" alipaza sauti Tonelli.

Nilimwona akiutazama mpira. Bega lake la kulia liligeuka. Afra, aliyekuwa anauza mvinyo wa moto nyuma ya goli, aliacha kumimina. Kisha bega likarudi. Beki wa majirani akaja polepole, akaupiga mpira ukaenda kwenye shamba la mizabibu.

Tulishinda moja bila, kwa kichwa cha kona. Tonelli alimkumbatia Oriano mbele ya watu wote, machozi yakimlengalenga. "Hii ndiyo mechi yako bora kabisa tangu nikujue."

Oriano alimshukuru kwa adabu, kama mtu anayepokea pole msibani.

Kwa Afra kulikuwa na kelele za ushindi, lakini yeye hakuna aliyemtania. Siku nyingine angeambiwa ana miguu ya bata, angeulizwa jezi kaifua kwa supu. Siku hiyo Afra alimwekea glasi ya mvinyo wa Lambrusco mbele yake, akarudi kuhudumia wengine. Nadhani hapo ndipo Oriano alipojua kwamba namba kumi amekwisha. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa kazi, kusema yuko tayari kwa Brazili.

Tulimsindikiza kituoni mchana mmoja, Learco, Afra na mimi. Ukungu ulikuwa umerudi. Afra alikuwa amemfungia jibini na soseji kwenye kitambaa, anakifungua na kukifunga upya.

"Kaa, bwana," alisema Learco. "Matokeo yakiharibika watamfukuza tu huyu mwalimu."

"Kwa nini wamfukuze, mzee?" alisema Oriano. "Tunashinda."

Learco alimgeukia Afra. Afra akatazama reli.

"Brazili wanampenda sana namba kumi," nilisema mimi, nikajutia mara moja.

"Mimi naenda kufunga tanuri," alisema Oriano.

Treni ilikuja, haikukaa. Alipanda na mifuko miwili, mikono yote imejaa, hakuweza kupunga. Afra alibaki na kifurushi chake kifuani. Katika kufunga na kufungua alikuwa amesahau kumpa.

"Nipe mimi, mama," alisema Learco. Hakumpa.

Mimi nilikuwa bado na vitabu vya kutafsiri, vya tanuri zile zile alizokwenda kuzifunga. Tulirudi kwa miguu, bila kuona mbele, na kutoka upande wa uwanja tukasikia sauti ya Tonelli na kikohozi chake: "Panda! Wote pamoja! Panda!"