Nilivyochota maji nikijificha kwenye ukungu, Wundanyi miaka ya sabini

Wakuu, hamjambo humu. Leo mzee wenu nina stori, na si hekaya ya kutunga. Yalinipata mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu kijana kule Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Mke wangu, Wakesho, alikuwa amepoteza mimba ya kwanza. Alipopata ya pili, nesi akamwonya asibebe kitu kizito kabisa.

Tukagawana kazi. Yeye jikoni, mimi maji.

Shida ni kwamba siku hizo mwanamume kuonekana na debe la maji ilikuwa aibu. Na mimi, nisiwafiche, nilipenda sana kuitwa Mwalimu.

Bahati nzuri ilikuwa Julai. Ukungu wa kule si mchezo, unanyosha mkono huoni vidole.

Kila asubuhi nateremka chemchemini nikisikia tu maji, ng'ombe wa mtu mahali fulani, na pumzi zangu. Hakuna juu, hakuna chini. Nilikuwa kama naota, na honestly nilifurahia. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu ya yale majani mabichi.

Siku moja nikaamka, jua linawaka. Ukungu hakuna.

Nikajifanya nasahihisha madaftari. Wakesho alichukua debe akatoka. Nikamwona dirishani akiteremka, mkono mmoja tumboni.

Nikakimbia bila viatu, nikamkuta anainama kubeba debe lililojaa, mbele ya akina mama kama kumi. Nikamnyang'anya.

Jirani yetu mmoja, ambaye watoto wake nilikuwa nawafundisha, akasema:

"Mwalimu, sisi tunakusikia ukikohoa hapa kila siku. Tunakaa kule juu tukingoja umalize, ili usione haya. Uji unachelewa, watoto wanachelewa, halafu huko shule wewe unawaadhibu kwa kuwafyekesha nyasi."

Niliweka debe begani, nikapanda mlima mchana kweupe.

Siku hiyo watoto sita walichelewa. Niliwaambia waingie darasani.

Binti yetu alizaliwa salama mwisho wa mwaka, na maji niliendelea kuchota, ukungu uwepo usiwepo.

Nilichojifunza: nilidhani namsaidia mke wangu, kumbe aibu yangu ilikuwa inabebwa na wake za watu.

Haya, waume wa humu. Ni kazi gani ya nyumbani unaifanya ukishafunga mlango kwanza? Semeni tu, hatutacheka. Sana.